Kipindi cha giza wana hela, mwezi ukiingia wanakopa kausha damu: huu ni ubongo au ni nini?

MtuWaMtumbwi

Wakuu habari za mchana, poleni na joto. Nina swali limenikaa kichwani na naona humu kuna watu wa kila fani labda mtanisaidia. Mimi nipo Mwanza upande wa Ilemela, nina mitumbwi ya dagaa, sio mingi, na vijana wanaoingia nayo ziwani. Kwa wasioijua hii kazi, dagaa tunavua kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikishakuwa kubwa taa zetu hazivuti kitu kwahiyo tunapandisha mitumbwi nchi kavu tunapisha mwezi mpaka giza lirudi. Sasa kipindi cha giza kama ziwa limekubali vijana wanapata hela nzuri kabisa, asubuhi tukishauza tunatoa gharama tunagawana, mtu anaondoka na chake mkononi. Lakini mwezi ukiingia tu, hata siku hazijafika nyingi, unamuona yuleyule anakuja "tajiri niazime ya unga", nisipokuwa nayo anaenda kwa wale wakopeshaji wa riba kubwa, kausha damu, anaweka simu, mwingine anaweka kitambulisho, kuna mmoja aliweka mpaka godoro. Na mwezi sio kitu cha kushtukiza jamani, upo juu angani, hata mtoto anajua utajaa lini.

Juzi nasikiliza redio nikasikia mtaalamu anasema siku hizi wanawaingiza watu kwenye mashine wanaangalia ubongo wakati mtu anaamua mambo ya hela, na kwamba binadamu haamui kama wachumi walivyokuwa wanafundisha. Nikasema ehee, huyu ndo nilikuwa namtafuta, kabla hajafafanua muda ukaisha likaja tangazo la mabati.

Na sio vijana tu. Kuna mfanyabiashara mwenzetu hapa mwaloni, pale mitumbwi inapotua na dagaa wanauzwa, mzoefu, alichukua mzigo kwa bei ya juu, kesho yake bei ikashuka. Mnunuzi wa kupeleka Kongo kasimama pale na lori, anampa bei ambayo jamaa angepoteza kidogo tu, akagoma, "mimi siuzi kwa hasara". Wingu tunaliona kabisa linatokea ziwani, wote tunakunja maturubai mbiombio, yeye kasimama katikati ya dagaa wake anabishana bei. Mvua ikamkuta palepale. Dagaa akishalowa vile anakuwa chakula cha kuku, unauza kwa bei ya kutupa. Mtu ana miaka chungu nzima kwenye hii kazi!

Nimefikiria niwe nawakata vijana sehemu ya hela kipindi cha giza, niwatunzie, niwape wakati wa mwezi. Mke wangu anasema huo ni wizi wa kistaarabu. Nipeni elimu, ila tusitukanane.

Ngosha_Buzuruga

Hakuna ubongo hapo tajiri, ni bia na wanawake wa kambini. Mashine ya nini, we nenda kambini saa moja usiku siku ya mgao utaona risechi yote bure.

Dada_Nyegezi

Ngosha punguza, mwenzio kauliza kwa adabu. Mimi nimesoma saikolojia, sio daktari wa ubongo, ila hiki kitu nilikifuatilia sana chuoni kwahiyo naandika kirefu, mvivu wa kusoma apite.

Elimu aliyoisema huyo wa redioni ni uchumi, saikolojia na sayansi ya ubongo vimekaa meza moja, wenyewe wanaiita nyuroekonomia, ilishika kasi miaka ya 2000 baada ya mashine za MRI, hizo za kupiga picha ya ubongo, kuzoeleka kwenye vyuo vikubwa. Ila mzizi wake uko nyuma kidogo. Wachumi walikuwa na mtu wao wa vitabuni, anajua anachotaka, anapiga hesabu vizuri, hababaiki. Mwaka 1979 Daniel Kahneman na Amos Tversky wakatoa makala kuonyesha kwamba mtu wa kweli hafanyi hivyo. Mtu wa kweli hapimi mwisho wa siku kabaki na shilingi ngapi, anapima kapanda au kashuka kutoka pale alipopahesabu kuwa ni pake, na kushuka kunamuuma kuliko kupanda kunavyomfurahisha, kwenye makadirio yao ya 1992 ni kama mara mbili na robo hivi. Kahneman akapewa Nobel ya uchumi 2002, Tversky alishafariki 1996 hakuiona.

Sasa mchukue mwenzenu wa dagaa. "Pake" yeye ni bei aliyonunulia. Chini ya hapo kila shilingi inamchoma, na hawa jamaa walionyesha kitu kingine cha ajabu, mtu akiwa upande wa faida anakuwa muoga anataka cha uhakika, akishakuwa upande wa hasara anageuka mbahatishaji, bora abeti yote kuliko kukubali hasara ndogo ya uhakika. Kwahiyo pale mwaloni alikuwa anabeti na wingu. Uzoefu wa kazi haukumsaidia kwa sababu tatizo halikuwa kutojua mvua, alikuwa anaiona.

Ubongo sasa. 2007 Sabrina Tom, Russell Poldrack na wenzao waliwalaza watu kwenye MRI wakawa wanawapa dau la nusu kwa nusu, ukishinda unapata dola hizi ukishindwa unapoteza zile, unakubali au hukubali. Kuna maeneo yalikuwa yanapanda kadri faida inavyokuwa kubwa, mojawapo ni striatamu ambayo iko ndani huko katikati, na hayohayo yalikuwa yanashuka kadri hasara inavyokuwa kubwa, na kushuka kulikuwa kukali kuliko kupanda. Tena wale ambao ubongo ulionyesha tofauti kubwa ndo haohao waliokuwa waoga zaidi kwenye kuchagua. Alafu 2010 De Martino, Camerer na Adolphs wakapima wagonjwa wawili ambao amigdala zao, ile sehemu inayohusika sana na hofu, zimeharibika pande zote mbili. Hesabu walikuwa wanazielewa vizuri tu, ila ule woga wa kupoteza hela ambao mimi na wewe tunao, wao hawakuuonyesha.

Kuhusu vijana wako nadhani kitu cha kuangalia ni dopamini, na sio dopamini ya TikTok ile wanayosema ni kemikali ya raha. Wolfram Schultz alikuwa anarekodi seli za dopamini kwenye ubongo wa nyani, seli moja moja, huku anampa tone la juisi. Mwanzo juisi ikija bila kutegemewa seli zinalipuka, yani zinatuma ishara kwa kasi. Akawa anawasha taa kwanza ndo juisi ifuate, nyani akishazoea, seli zinalipuka kwenye taa, juisi yenyewe ikija kimya. Na taa ikiwaka alafu juisi isije, muda uleule ilipotakiwa kuja seli zinashuka chini ya kawaida yake. Yani zinapima tofauti kati ya ulichotegemea na ulichopata. Makala yake na Peter Dayan na Read Montague ya 1997 ndo iliyounganisha hayo na hesabu za kujifunza za kompyuta. Kwa hiyo mtu anayelipwa taslimu asubuhi kila siku, na kiasi hakijulikani, leo mtumbwi umejaa kesho debe mbili, ubongo wake unafundishwa kila siku kwamba habari iko kwenye hela ya asubuhi. Mwezi haumshtui kwa sababu hauna mshtuko wowote, ni kitu kinachojulikana. Hii ya mwisho ni tafsiri yangu mimi, hakuna mtu aliyepima wavuvi wa dagaa.

Boda_Igoma

Daah dada umeandika mpaka nimesahau abiria. Mi naongezea la mikeka ya kubeti maana ndo hela yetu nyingi inapoishia kijiweni, sio bia. Unaweka mkeka wa timu kumi, tisa zimetoa, moja imechana dakika ya tisini. Badala mtu aseme basi naacha, anasema "nimekaribia" anaongeza dau. Nilishasikia kuna risechi ya hiyo, ni kweli?

Dada_Nyegezi

Ni kweli kaka. Luke Clark na wenzake Cambridge, 2009. Mashine ya kamari ya kuzungusha, picha ikisimama hatua moja tu pembeni ya ushindi. Watu walisema hiyo inakera kuliko kukosa kabisa, lakini papohapo ilikuwa inawaongezea hamu ya kucheza tena hasa pale mtu alipokuwa kachagua picha mwenyewe, na kwenye skani ile "nusura" ilichangamsha maeneo yanayochangamka mtu akishinda kweli. Wakati kihesabu nusura ni kukosa tu. Kwenye mpira angalau ukikaribia inawezekana una ujuzi kidogo, kwenye kile kindege cha kamari mnachocheza kwenye simu hakuna cha kukaribia.

Nesi_wa_Zamu

Nachomekea hapohapo kwenye dopamini kisha nirudi wodini. Kuna dawa za ugonjwa wa Parkinson, ule wa wazee kutetemeka, zinazofanya kazi kwa kuiga dopamini, mfano pramipeksoli. Mayo Clinic kule Marekani waliripoti 2005 wagonjwa 11 waliopata uraibu wa kamari wakiwa kwenye dawa za aina hiyo, na wengine kamari hawakuwa nayo kabisa kabla. Dawa ikipunguzwa au kuachwa, kwa wengi tabia iliondoka. Kwahiyo mkiona mzee wa watu kaanza ghafla kuuza mbuzi abeti msikimbilie kusema karogwa, ulizeni anatumia dawa gani, na msimwachishe wenyewe, mrudisheni kwa daktari wake.

Takwimu_Tupu

Mada nzuri, ila naomba tupunguze kidogo sherehe. Mimi kazi yangu ni data na nimezunguka sana vijijini na madodoso, nina mashaka na watu wakionyeshwa picha ya ubongo yenye rangi nyekundu wanavyoacha kuuliza maswali.

Kwa kuwa hapa tuko na watu wa samaki niwape hii. 2009 Craig Bennett na wenzake walichukua samaki, salmon mmoja mkubwa, amekufa, wa kununua, wakamlaza kwenye MRI. Wakamuonyesha picha za watu wakiwa kwenye hali mbalimbali "wakamuuliza" hao watu wanajisikiaje. Wakachakata data bila kurekebisha kwa wingi wa vipimo, na ubongo wa samaki aliyekufa ukaonyesha sehemu "inayofikiria". Sio kwamba mashine mbovu. Ubongo unagawanywa vipande vidogo maelfu kwa maelfu, kila kimoja unakipima, kwa bahati tu lazima viwili vitatu vitawaka. Ukifanya masahihisho yanayotakiwa, samaki anarudi kuwa samaki. Wakapewa Ig Nobel 2012, ile tuzo ya kuchekesha kwanza alafu unafikiria.

La pili, MRI haioni mawazo wala haioni seli, inaona mabadiliko ya oksijeni kwenye damu. Na sehemu moja ya ubongo ina kazi nyingi. Insula inachangamka kwa kinyaa, kwa maumivu, kwa mapigo ya moyo, kwa mambo kibao, kwahiyo ukiona insula imewaka huwezi kusema "ahaa huyu ana kinyaa". Huyohuyo Poldrack aliyetajwa na dada aliandika onyo hilo 2006, mwaka mmoja kabla ya utafiti wake wa hasara.

Na mambo mengine yanabishaniwa wenyewe kwa wenyewe. 2004 McClure, Laibson, Loewenstein na Cohen walisema kuna mifumo miwili, mmoja wa pupa unaotaka hela leo na mwingine wa gamba la mbele la ubongo unaoweza kusubiri. Hadithi tamu, imezunguka dunia nzima, na nyie humu karibu mngeileta. 2007 Kable na Glimcher wakarudi wakasema hapana, maeneo yaleyale yanafuatilia thamani ya hela ya leo na ya baadaye kadri mtu mwenyewe anavyoithamini, hakuna mfumo wa pupa peke yake. Sasa ukimwambia kijana "ubongo wako wa pupa umekushinda" unamwambia kitu ambacho wenye fani hawajakubaliana.

MtuWaMtumbwi

Hahaha samaki aliyekufa anafikiria, hiyo nawapelekea vijana leoleo. Sasa mkuu Takwimu, ukitoa hayo kinabaki nini? Maana mimi nina kesho ya kugawa hela.

Takwimu_Tupu

Kinabaki kingi tajiri, ila kizuri zaidi kwa kesi yako hakihitaji mashine. Ngoja nikueleze utafiti mmoja maana umefanana na giza na mwezi wako kabisa.

Anandi Mani, Sendhil Mullainathan, Eldar Shafir na Jiaying Zhao, ulitoka 2013 kwenye Science. Walienda Tamil Nadu, India, kwa wakulima wa miwa. Mkulima wa miwa analipwa kwa mkupuo baada ya mavuno, kwahiyo kabla ya mavuno kakauka, baada ya mavuno ana hela, na ni mtu yuleyule, akili ileile, shule aliyosoma ileile. Wakampa majaribio ya kufikiri, ya kutafuta umbo linalokosekana kwenye mchoro, na ya kuzuia jibu la haraka linalokuja mdomoni. Kabla ya mavuno walifanya vibaya, baada ya mavuno walifanya vizuri. Maelezo yao ni kwamba ukata wenyewe unakula nafasi kichwani, unawaza ada, unawaza deni, unawaza unga, nafasi ya kuwaza wiki ijayo inabaki finyu. Kwahiyo yule kijana anayeweka godoro rehani wakati wa mwezi sio lazima ni mjinga, inawezekana anaamua jambo gumu saa mbaya kuliko zote.

Nimesema inawezekana. Maana 2016 Carvalho, Meier na Wang walipima watu wa kipato cha chini Marekani kabla na baada ya siku ya mshahara, uwezo wa kufikiri haukubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kabla ya mshahara walikuwa wanang'ang'ania zaidi hela ya sasa kuliko ya baadaye. Mimi naona pengo kati ya siku chache kabla ya mshahara na miezi ya kusubiri mavuno ni kubwa, sio hali moja, ila wanaonukuu ule wa India bila huu wanadanganya nusu.

Ngosha_Buzuruga

Kwahiyo sio bia.

Takwimu_Tupu

Bia ipo ngosha, sijakunyima.

Boda_Igoma

Mkuu umesema ya wakulima, je sisi wa boda? Maana mi nikishapata hesabu ya tajiri na ya nyumbani nazima pikipiki hata kama abiria wapo, alafu siku mbaya nakesha. Mchumi mmoja abiria wangu alinicheka akasema ningekaza siku abiria ni wengi nilale siku ni wachache.

Takwimu_Tupu

Aliyekucheka anarudia mjadala wa zamani wa madereva teksi wa New York, Camerer na wenzake 1997, waligundua hivyohivyo kwamba dereva anafunga akifikisha lengo la siku. Na wamekuja kupima watu wa baiskeli za abiria magharibi mwa Kenya, ng'ambo tu ya ziwa hapo, Dupas, Robinson na Saavedra, wakakuta mtu anajituma zaidi siku aliyoamka na shida ya hela, akishaifikisha anapunguza kasi. Yeye anaona unapoteza hela, mi naona lengo la siku linakusaidia utoke kitandani. Mwambie akae juu ya pikipiki masaa kumi na mbili ndo acheke.

Mama_Dagaa_Kirumba

Hamjambo wanangu. Nimewasoma wote, mmesoma nyie, hongereni. Mimi nauza dagaa Kirumba toka wanangu wadogo mpaka sasa nina wajukuu, naomba niseme na huyu tajiri.

Baba, hilo la kuwakata hao vijana hela umewaambia? Maana naona umeuliza redio, umeuliza mkeo, umetuuliza sisi, wenye jasho lao sijaona uliwauliza lini. Tajiri wa mtumbwi akishika hela ya kijana hata kwa nia njema, ziwa likija kugoma wiki mbili, taa zikaharibika, mafuta hakuna, hiyo hela ya kijana ndo itanunua mafuta. Nimeyaona hayo mwaloni. Na kijana akihisi tu kwamba mgao una mkono wako, hasemi, giza lijalo unamkuta kwenye mtumbwi wa jirani, hata kama kwa jirani anapata kidogo.

Na ya pili, sisi kwenye kikoba chetu hatukusanyi hela mwisho wa mwezi wa kalenda. Tunakusanya siku ya mgao, asubuhi, kabla mtu hajafika nyumbani. Hatukusoma popote.

Dada_Nyegezi

Mama shikamoo. Hapo pa kijana kuhamia mtumbwi wa jirani hata kama anapata kidogo, umegusa jaribio maarufu kuliko yote kwenye hii fani.

Watu wawili, mmoja anapewa dola kumi agawe, mwenzie akikubali wanachukua, akikataa wote wanakosa. Yule mchumi wa vitabuni angechukua hata dola moja maana moja ni zaidi ya sifuri. Watu wa kweli wakipewa moja kwa tisa mara nyingi wanakataa, wanalipa ili usiwadhulumu. Alan Sanfey na wenzake 2003 walifanya hivyo ndani ya MRI, ofa mbaya ilichangamsha insula (Takwimu nimekusikia, sisemi ni kinyaa), na kadri ilivyochangamka zaidi ndivyo mtu alivyoelekea kukataa. Na ofa hiyohiyo ikitoka kwa kompyuta watu waliikubali zaidi. Kwahiyo hela ileile, kinachouma ni nani kagawa.

Ila kiwango cha dhuluma sio kilekile kila mahali na hii inatuhusu. Joseph Henrich na kundi lake walizunguka jamii ndogo 15 duniani na mchezo huo, Tanzania walifika kwa Wahadza na kwa Wasangu. Wahadza ofa zao zilikuwa ndogo na kukataliwa kulikuwa kwingi. Na waliotoa kubwa kuliko wote kwa wastani, zaidi ya nusu, walikuwa watu wa Lamalera, Indonesia, ambao wanawinda nyangumi kwa mitumbwi ya watu wengi, kazi ambayo hakuna anayeiweza peke yake na mgao wake una kanuni zinazojulikana na kila mtu. Sisemi vijana wa dagaa ni Walamalera, ila tajiri, watu waliozoea mgao wa wazi asubuhi kila mtu anaona, ukianza kushika hela kimyakimya utakuwa umegusa pabaya.

Takwimu_Tupu

Marahaba ya mama tumeipokea wote. Na hilo la kukusanya asubuhi ya mgao, kuna waliolipima. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, magharibi mwa Kenya, wakulima wa mahindi. Wakulima wanasema wanataka mbolea msimu ujao, msimu ukifika hela haipo. Wakajaribu kuwafuata mara tu baada ya kuvuna, hela bado ipo, lipia sahivi tutakuletea mbolea bure mpaka nyumbani wakati wa kupanda. Kipunguzo kidogo tu hicho cha usafiri, kikatoa ongezeko linalolingana na punguzo kubwa zaidi la bei lililotolewa baadaye. Ilichapishwa 2011, Duflo na Kremer wakaja kupata Nobel 2019 pamoja na Banerjee kwa kazi zao za aina hiyo.

Na kuhusu nani ashike hela: Pascaline Dupas na Robinson huyohuyo, 2013, hukohuko Kenya, watu wa vikundi vya upatu. Wengine walipewa kisanduku cha kufuli na ufunguo wakakaa nao wenyewe, wengine kisanduku kilekile ila ufunguo anao mtu wa mradi mpaka lengo litimie. Ungefikiri cha kufungiwa kingeshinda. Kwenye akiba ya afya ya kujikinga kama chandarua, kile cha ufunguo wako mwenyewe ndo kilifanya vizuri, watu hawakutaka kufungia hela yao mahali ambapo mtoto akiugua hawaifikii. Kuwa na mahali pa kuweka tu, na kuweza kumwambia shemeji "hii ni ya chandarua", kulitosha kwa wengi. Sio kwa wote, kuna wale wenye pupa kweli ambao walihitaji macho ya wenzao kwenye kikundi.

MtuWaMtumbwi

Wakuu nimerudi. Mama wa Kirumba shikamoo, umenisema ila sawa. Leo asubuhi baada ya mgao nikawaweka chini nikawauliza, ningefanyaje na hela yenu wakati wa mwezi. Wakaangaliana. Mmoja akasema yeye hataki hela yake ishikwe na mtu, ana mke ana kibubu, asante. Wawili wakasema sawa tukate ila iandikwe kwenye daftari kila mtu aone na likae kwa kepteni sio kwangu. Yule wa godoro ndo kanishangaza, kasema "tajiri usinitunzie hela, hela nitaidai hata usiku. Ninunulie gunia la mahindi kabisa giza hili, unikate kidogokidogo mpaka deni liishe".

Takwimu_Tupu

Huyo kijana kagundua mbolea ya Kenya bila kufika Kenya. Mnunulie, ila weka daftarini bei halisi uliyonunulia na usiongeze hata mia.

Mama_Dagaa_Kirumba

Gunia litakaa wapi? Kambini panya watalimaliza kabla ya mwezi.

MtuWaMtumbwi

Hapo ndo tumekwama mama. Kwangu hataki, anasema nitamkopesha mtu. Kasema litakaa kwa mama yake Igombe, ila mama yake ana wajukuu saba pale.

Mama_Dagaa_Kirumba

Basi nunua mawili.

Ngosha_Buzuruga

La pili nani anakatwa?